Kisiwa Kilichouzwa kwa Tani



Leo tunataka kuwaambia habari za nchi moja ndogo ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Jina lake ni Nauru. Ni kisiwa kimoja tu, peke yake katika Bahari ya Pasifiki, kusini kidogo ya mstari wa Ikweta. Ukubwa wake wote ni kilometa za mraba 21. Mtu mwenye baisikeli aweza kukizunguka asubuhi na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana, maana barabara ya pwani haifiki kilometa 20. Watu wake ni kama 12,000. Hata hivyo ni taifa kamili, lina bendera na bunge, na tangu 1999 lina kiti katika Umoja wa Mataifa, ndio ONU.

Mtatuuliza: kisiwa cha mbali namna hii chatuhusu nini? Chatuhusu kwa sababu Nauru ni mgodi. Nchi nyingine zina mgodi pahali fulani na mashamba pahali pengine. Hii ni mgodi mtupu uliopewa bendera. Sisi tunaoandika tani katika daftari kila siku, tuliposoma mambo yake tuliona kama tunasoma daftari letu wenyewe, ila huko wamekwisha fika ukurasa wa mwisho.

Fikirini kofia iliyowekwa juu ya meza. Ukingo wa kofia ndio ukanda wa pwani, mwembamba, wenye minazi, na ndipo watu wanapokaa. Kichwa cha kofia ndicho uwanda wa juu, usiofika mita 75 toka baharini, na humo ndimo fosfati ilimokuwa. Kuna bonde moja liitwalo Buada lenye ziwa dogo. Mto hakuna hata mmoja. Maji ni ya mvua, au ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mashine. Mashine hula umeme, na umeme kwa sehemu kubwa umetoka katika mafuta yaletwayo na meli. Kwa hiyo meli ikichelewa, hata kikombe cha maji huwa hesabu.

Namna mali ilivyojulikana ni kisa cha kuchekesha, kama hakingekuwa na mwisho wake. Katika biro ya kompani moja mjini Sydney kulikuwa na jiwe lililotoka Nauru, na kazi yake ilikuwa kuzuia mlango usijifunge. Walidhani ni mti wa kale uliogeuka jiwe. Mwaka 1899 karani mmoja, Albert Ellis, akalitilia shaka, akalipima, akakuta ni fosfati nzuri sana. Fosfati ni chakula cha mashamba, na mashamba ya Australia na Nyuzilandi yalikuwa na njaa nayo. Wakati ule Wadachi ndio waliotawala kisiwa, tangu 1888. Makompani yakapatana, na mwaka 1906 Pacific Phosphate Company ikaanza kuchimba. Mwaka 1907 meli ya kwanza ikaondoka imejaa. Mwaka huo huo wa 1906 ndipo Union Minière du Haut-Katanga ilipoundwa kwa ajili ya shaba yetu. Hatusemi kwamba waliagana. Twasema njaa ilikuwa moja.

Mwenye shamba wa Nauru alipewa nusu peni kwa tani. Tuliosoma hesabu kwa mapadri tunajua nusu peni ni kitu gani.

Vita ya 1914 ikawaondoa Wadachi. Mwaka 1919 serikali tatu, ya Uingereza, ya Australia na ya Nyuzilandi, zikafanya mapatano, zikaununua mgodi kwa pauni milioni 3 na nusu, zikaweka makamishna wao walioitwa British Phosphate Commissioners. Mgawo ulikuwa 42 kwa mia Uingereza, 42 Australia, 16 Nyuzilandi. Wanauru hawamo katika hesabu hiyo. Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Serikali hizo tatu zilipewa kisiwa na mataifa ya dunia ili wakilee, na hao hao ndio walionunua fosfati yake. Waliinunua kwa gharama ya kuichimba na kuipakia, wala si kwa bei ya soko la dunia. Basi mlezi wa mtoto alikuwa ananunua mali ya mtoto kwa bei aliyoipanga mwenyewe, kisha jioni anaandika ripoti kwamba mtoto anaendelea vema.

Kazi yenyewe ya sururu na koleo ilifanywa zaidi na Wachina na watu wa visiwa vya Gilbert na Ellice, ndivyo leo Kiribati na Tuvalu, walioletwa kwa mkataba na kurudishwa mkataba ukiisha. Jambo hilo halihitaji maelezo katika gazeti hili. Tutarudi kwao.

Vita ya pili ikaja. Wajaponi waliteka kisiwa mwaka 1942, wakajenga kiwanja cha ndege kwa kazi ya shuruti, wakawachukua Wanauru 1,200 mpaka visiwa vya Truk. Waliorudi hai ni 737, nao walitua kwao tarehe 31 Januari 1946. Siku hiyo hawakuisahau.

Mwaka 1964 wakubwa wa Australia walisema: ardhi yenu inakwisha, basi tutawahamisha nyote mkae Curtis Island, karibu na pwani ya Queensland. Wazee wa Nauru, kiongozi wao akiwa Hammer DeRoburt, wakauliza swali moja: huko tutakuwa taifa, au tutakuwa wakaaji tu wa Australia? Jibu halikuwapendeza. Wakakataa. Tarehe 31 Januari 1968, siku ile ile ya kurudi toka Truk, wakapandisha bendera yao. Tena hawakuridhika na bendera. Walinunua mitambo yote ya makamishna kwa dola za Australia milioni 21, na tarehe 1 Julai 1970 mgodi ukawa mali yao, chini ya Nauru Phosphate Corporation. Watu wa taifa hilo hawakufika hata 4,000 siku ile. Tunawapa heshima. Walijua kwamba bendera juu ya mgodi wa mtu mwingine ni kitambaa.

Baada ya hapo fedha ikaingia kweli kweli. Bei ya fosfati ilipanda sana katika miaka ya 1970, na ukigawa mapato kwa idadi ya watu, Wanauru walihesabiwa miongoni mwa matajiri wa dunia. Kodi ya mshahara haikuwako, na daktari hakulipwa na mgonjwa. Serikali ikajenga jumba la ghorofa 52 mjini Melbourne mwaka 1977, likaitwa Nauru House. Ikanunua ndege kadhaa za Boeing, zikaruka huku na huku juu ya Pasifiki, mara nyingi viti vitupu. Fedha ya akiba, ya siku ambayo mawe yatakwisha, iliwekwa katika mfuko ulioitwa Nauru Phosphate Royalties Trust. Mfuko huo ukatawanya mali katika majumba na mahoteli, ukasikiliza washauri wa kila namna, na hesabu zake hazikuwekwa wazi mbele ya wenye mali kama ilivyopasa. Mwaka 1993 fedha ya Nauru ilitumika mjini London kuonyesha mchezo wa nyimbo juu ya maisha ya Leonardo da Vinci. Mchezo ulianguka, fedha haikurudi. Mvuvi wa Nauru na Leonardo da Vinci, wapi na wapi!

Kuna watu wanaopenda kucheka hapo. Husema: mnaona, wape watu weusi au watu wa visiwa fedha, wataitupa. Kicheko hicho tunakikataa. Kwa miaka 50 na zaidi serikali tatu kubwa zilikula fosfati hiyo kwa bei nafuu, na hakuna aliyezicheka, waliziita hodari. Lakini pia hatutawabembeleza wakubwa wa Nauru. Kuanzia 1970 kalamu ilikuwa mkononi mwao. Mtu anayepokea fedha ya wote akaficha daftari, hatuulizi ngozi yake ni ya rangi gani.

Sasa tuseme juu ya njia, maana nchi ya mgodi utaijua kwa njia zake. Nauru haikuwa na bandari. Miamba imeizunguka, na nje ya miamba bahari yashuka ghafula kwenye kina kirefu, nanga haishiki. Makamishna walishindwa na jambo hili? Hawakushindwa. Walifunga maboya makubwa ya kushika meli, na mwaka 1930 wakasimamisha mkono mrefu wa chuma unaotokeza juu ya miamba na kumimina fosfati moja kwa moja ndani ya meli. Lakini mchele, unga, saruji, dawa za hospitali, vilishushwa katika mashua na kusukumwa mpaka pwani, miaka mingi mno, hata baada ya uhuru. Gati la kweli lilianza kujengwa Aiwo karne hii, fosfati imekwisha kwenda. Yaani chombo cha kutoa mali kilijengwa mapema na kwa ufundi mwingi. Chombo cha kuingiza chakula kiliachwa. Sisi wa bara, ambao reli ya Benguela ilitufikia mwaka 1931 kuchukua shaba na kuipeleka pwani, hatuwezi kushangaa.

Njia ya angani ilikuwa na ubaya wake. Ndege zilipouzwa au kukamatwa kwa madeni, ikabaki moja, na mwezi wa Desemba 2005 wakopeshaji wakaichukua nayo. Na simu? Mwanzoni mwa 2003 simu za kwenda ng'ambo zilikufa. Kwa majuma kadhaa kisiwa kilikuwa kimya, wakati ule ule wanasiasa wawili walipokuwa wakigombea kiti cha rais, na walio nje walingoja meli ipite ndipo wajue nani anatawala. Nchi iliyomiliki jumba la ghorofa 52 haikuweza kupiga simu. Jumba lenyewe liliuzwa mwaka 2004 kulipa deni. Benki ya serikali ikaanguka, akiba za watu zikanaswa humo, na mpaka 2015 kisiwa hakikuwa na benki inayofanya kazi. Mtu aliweka fedha chini ya kitanda.

Na wale wa Kiribati na Tuvalu? Mgodi uliposimama, walibaki katika nyumba za kompani, mishahara haikulipwa, nauli ya kurudi haikuwako. Mwaka 2006 walirudishwa kwao kwa msaada wa fedha ya Taiwan. Tumesoma kurasa nyingi juu ya utajiri na ufukara wa Nauru, na juu ya hao tumekuta mistari michache tu. Mwenye shamba alipata na kupoteza. Mchimbaji alipoteza bila kupata.

Ardhi sasa ikoje? Sehemu kama nne kati ya tano imechimbwa. Fosfati ilikaa katikati ya nguzo za mawe ya matumbawe, na ilipokombwa, nguzo zilibaki zimesimama kama meno, hapapandwi wala hapajengwi. Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya The Hague, ikidai ardhi iliyoharibiwa kabla ya uhuru itengenezwe. Mwaka 1992 mahakama ikasema yaweza kusikiliza kesi. Mwaka 1993 Australia ikakubali kulipa dola zake milioni 107, Uingereza na Nyuzilandi zikatoa milioni 12 kila moja kusaidia malipo hayo. Kesi hiyo tunaipenda. Taifa la watu elfu chache lilimshika mlezi wake kwa mkono mbele ya majaji. Ila nguzo nyingi zimesimama bado.

Tangu hapo kisiwa kimejaribu mengi: benki za majina tu, zilizoleta aibu, kambi ya wakimbizi ambayo Australia iliifungua huko mwaka 2001, kuuza ruhusa ya kuvua samaki, na hiyo ndiyo biashara yenye heshima. Mwaka 2015 waliweka mfuko mpya wa akiba, safari hii na wageni wakiwamo katika uangalizi.

Jambo la mwisho latugusa sisi. Mwezi wa Juni 2021 Nauru, ikiidhamini kompani ya kigeni, ilitoa taarifa kwa mamlaka ya dunia inayosimamia chini ya bahari kwamba sheria za kuchimba huko zimalizwe katika miaka miwili. Wanataka vidonge vya mawe vilivyolala chini kabisa ya Pasifiki, mbali na kisiwa chao. Ndani yake mna manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Shaba na kobalti, ndugu! Siku meli zitakapovuta vidonge hivyo kwa wingi, bei ya yale yatokayo Kolwezi na Likasi itajadiliwa na watu walio na pahali pengine pa kununua.

Hatuwaonei wivu Wanauru. Nao wanatafuta chakula. Ila tungependa kuuona mkataba wao na kompani ile, ukurasa kwa ukurasa: ni kiasi gani kwa tani, nani atapima, mizani itakuwa ya nani katikati ya bahari, na mwananchi wa Buada akitaka kulisoma daftari, ataliomba kwenye biro ipi.