Mchezo wa bure?



Mwezi uliopita mama mmoja alifika kwangu pamoja na mtoto wake wa miaka 15. Kijana alikuwa ametoka likizo Kalemie, kwa mjomba wake. Huko, kando ya ziwa Tanganyika, yeye na wenzake walikuwa wakilala juu ya ubao na kubebwa na mawimbi madogo mpaka mchangani. Mama alikasirika sana: «Pasta, umwambie huyu mutoto. Ule muchezo ni wa bure, na maji inaua.»

Sikujibu upesi. Mchezo ule una historia yake, na sisi watu wa kanisa tumo ndani.

Wenye mchezo ni watu wa Hawaii, visiwa vya bahari ya Pasifiki. Zamani wote waliucheza, wakubwa na watu wadogo, wanaume na wanawake. Leo pia, anayetaka kujifunza anaenda pwani ya Waikiki, maana mawimbi yake ni ya upole. Miamba inayavunja mbali na pwani, na maji yanafika polepole. Unalala kifudifudi juu ya ubao mrefu kupita wewe, uso kuelekea inchi kavu. Wimbi likikaribia, unapiga maji kwa mikono miwili. Ukisikia ubao umeinuliwa nyuma, unasukuma kwa mikono na kusimama, magoti yakikunjwa kidogo. Utaanguka. Utacheka, utapanda tena. Jioni, pengine umesimama mara tatu tu, lakini mwili umechoka vizuri na moyo umepumzika.

Mwaka 1820 wamisionere walifika Hawaii kutoka Marekani. Wengine kati yao hawakupenda mchezo ule, kwa ajili ya uchi na kuchezea feza. Tena magonjwa ya wageni yaliua watu wengi mno. Mwisho wa karne ile, waliobaki na ubao walikuwa wachache.

Lakini mchezo haukufa. Kijana mmoja, Duke Kahanamoku, aliyezaliwa Honolulu mwaka 1890, alikomalia katika maji ya Waikiki. Akawa mshindi wa kuogelea katika michezo ya Olimpiki, mwaka 1912 kule Stockholm, na tena mwaka 1920 kule Anvers, Ubelgiji.

Sasa sikieni. Tarehe 14 Juni 1925, Duke alikuwa pwani ya California pamoja na rafiki zake. Mashua ya wavuvi ikapinduliwa na mawimbi makali. Duke alikamata ubao wake, akaingia majini, akarudi na watu, akaenda tena, na tena. Watu 12 waliokolewa siku ile, na 8 kati yao ni yeye aliyewatoa. Wengine walikufa. Kisha pale, walinzi wa pwani wakaanza kuona kwamba ubao ni chombo cha kuokolea watu.

Ndiyo ule «mchezo wa bure».

Basi nilimwambia mama: «Maji inaua, ni kweli, mama. Lakini inaua zaidi mwenye hakujifunza.» Nikamgeukia kijana, nikampa masharti matatu. Kwanza, ujue kuogelea vizuri mbele ya kushika ubao. Pili, usiende peke yako hata siku moja, wala mahali penye mamba. Tatu, upepo ukizidi, toka. Ziwa halina haya ya kumeza mtu hodari.

Kijana aliitika. Mama alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza mwanawe: «Baba, unasimamaka namna gani juu ya ile libao?» Yeye akasimama katikati ya nyumba yangu, akakunja magoti, akamwonyesha.

Mzazi, mtoto wako anapenda mchezo gani? Mbele ya kumkataza, ulikwisha kumwomba akuonyeshe?