Kuepuka kama tauni

Mwanao anayejifunza Kiingereza shuleni huenda akarudi nyumbani na usemi huu: "to avoid like the plague". Maana yake ni kuepuka kitu kama tauni, yaani kukaa nacho mbali kabisa, usikisogelee hata kidogo. Mtu asiyetaka madeni husema ayaepuka kama tauni. Mwingine huepuka ulevi vivyo hivyo. Hapo usemi umekaa mahali pake.

Waingereza hawakuuokota njiani. Mwaka 1665 tauni iliua watu zaidi ya 60,000 mjini London. Mfalme Charles II aliuhama mji, na matajiri wengi wakakimbia pia. Nyumba yenye mgonjwa ilifungwa na wote waliomo, wazima kwa wagonjwa, na mlangoni ikachorwa alama ya msalaba mwekundu. Siku zile watu hawakujua kwamba tauni huenezwa na viroboto wa panya.

Lakini sikia habari ya kijiji cha Eyam, huko huko Uingereza. Tauni ilifika kwao mwaka ule ule. Husemwa kuwa ilikuja na kitambaa kilichotoka London. Mwaka 1666 wanakijiji, wakiongozwa na mchungaji wao William Mompesson, walipatana wasitoke, wasije wakaambukiza wengine. Je, majirani waliwatupa? Hasha! Walileta chakula mpakani, wakakiweka chini, wakaenda zao. Fedha za malipo ziliachwa ndani ya siki. Walikufa watu 260 hivi. Basi ugonjwa ndio ulioepukwa, watu hawakutupwa.

Nasi tujitazame. Twasema, "Mwogope kama ukoma." Kumbe ukoma siku hizi una dawa, nayo hutolewa bure, na mgonjwa aliyeanza kuinywa hukoma upesi kuambukiza. Hata hivyo yuko mtu aliyepona zamani, na jirani bado hanywi maji nyumbani kwake. Neno la midomoni limemfungia mlango, kama nyumba zile za London.

Wazazi, waacheni watoto wautumie usemi huu kwa deni, kwa wizi, kwa pombe. Wakiutia jina la mtu, wakanyeni. Na jirani yenu akiugua, mpelekeeni chakula, hata kama ni kukiweka mlangoni tu na kumwita kwa jina lake.