Eti "chagua dawa moja"? Nani kasema?

Skizeni wadau, leo sina vichekesho. Leo nina hasira.

Binamu yangu, hapa hapa Kilifi, ana lupasi. Ni ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeuka mwenyewe na kumshambulia: viungo, ngozi, hata figo. Ndio maana anameza azathiopurini na prednisoloni, dawa za kuituliza hiyo kinga. Mwaka jana akaanza kuzama. Halali, hali, simu hapokei. Daktari wa akili akasema ni sonona, hii mnayoita dipresheni, akamwandikia setralini.

Akaenda duka la dawa. Muuzaji akatazama karatasi zote mbili, akamwambia: "Dada, hizi huwezi kumeza pamoja. Chagua moja." Hakumpigia daktari simu. Hakufungua kitabu. Kasema tu, kama mtu anayemwambia mteja achague soda.

Nyumbani ndio balaa. Shangazi: "Mwanangu, dawa za wazimu za nini? Hayo ni mawazo tu." Jirani naye kaleta chupa ya mwarobaini. Basi binamu akachagua, akaacha setralini. Wiki chache baadaye akaona hata zile nyingine hazina maana, akaziacha pia. Lupasi ikaamka. Tulimkimbiza hospitali usiku kwa tuktuk, miguu imevimba, mama yake analia njia nzima.

Mtaniambia: lakini dawa si hugongana kweli? Ndiyo, nyingine hugongana, na hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Waliopandikizwa figo hutumia takrolimusi au saiklosporini. Dawa hizi huvunjwavunjwa na ini. Dawa ya sonona inayoitwa fluvoksamini inaweza kulizuia ini lisifanye hiyo kazi, basi dawa ya kinga inajaa kwenye damu na kuumiza figo ile ile iliyopandikizwa. Kinyume chake kuna St John's wort, mmea unaouzwa mitandaoni kama tiba asili ya huzuni. Huo hulichochea ini likavunja dawa haraka kupita kiasi. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliripoti wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo: walipoanza kutumia mmea huo, miili yao ikaanza kuukataa moyo. Na ulikuwa "dawa ya asili tu".

Lakini setralini siyo fluvoksamini. Setralini ni kati ya zile ambazo madaktari huzipendelea kwa wagonjwa wa namna hii, kwa sababu haziliingilii sana ini. Kwa hivyo ukijua dawa hugongana, umepata kazi ya kuuliza ni ipi na ipi. Hujapata ruhusa ya kumwambia mgonjwa achague kati ya figo na akili yake.

Na mjue hili: prednisoloni yenyewe inaweza kuvuruga usingizi na hisia. Huenda sehemu ya giza la binamu yangu ilitoka kwenye dawa. Nani angejua? Kliniki moja inaangalia viungo, nyingine inaangalia akili, na kila moja ina kitabu chake. Mji huu una KEMRI tangu 1989, utafiti wake unasomwa dunia nzima. Halafu vyumba viwili kwenye korido moja haviongei!

Sasa sikiza, wewe unayemeza.

Usiache dawa yoyote ghafla. Prednisoloni uliyotumia muda mrefu ukiikata siku moja, mwili unaweza kuanguka. Dawa ya sonona nayo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, usiihukumu siku ya tatu.

Andika dawa zako zote kwenye karatasi moja, au piga picha pakiti zake. Weka na mwarobaini, weka na Brufen unayonunua dukani, maana Brufen juu ya setralini na prednisoloni inaweza kuleta damu tumboni. Onyesha karatasi hiyo kila daktari, hata asipouliza.

Na wewe wa duka la dawa: kama hujui, piga simu. Kusema "sijui, ngoja niulize" hakupunguzi heshima yako.

Shangazi zetu nawaheshimu, shikamoo zao. Lakini mgonjwa wa sukari hatumwambii aombe tu aache sindano. Mbona wa sonona ndio tunamwambia ajikaze?

Binamu amerudi kwenye dawa zote tatu. Juzi kapokea simu yangu mlio wa kwanza, akanitukana kwa kumwamsha. Sijawahi kufurahia matusi hivyo.

Hili nimelisema kwa ruhusa yake. Kama una mtu anayemeza hivi, mtumie. Leo.