Mwanafunzi wa urubani apime kabla ya kulipa

Mwalimu atakaye kujifunza kuendesha helikopta siku za Jumamosi asizuzuliwe na bei nafuu. Kwanza, aulize iwapo shule ina idhini ya Mamlaka ya Safari za Ndege nchini, KCAA.

Kanuni za kimataifa zamtaka mwenye kuomba leseni ya rubani wa kibinafsi awe ametimiza miaka 17 na kuruka saa 40, au 35 katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Kwa saa moja kila Jumamosi, 40 hizo ni majuma 40. Je, helikopta ikiwa katika matengenezo, ipo nyingine? Mkufunzi akisafiri, nani atashika nafasi yake? Anayekaa mwezi mzima bila kuruka husahau, akalazimika kurudia masomo kwa gharama yake mwenyewe.

Kwa maoni yangu, shule ifaayo ni ile iliyo karibu, yenye helikopta na wakufunzi wa kutosha, na ipokeayo malipo kwa kila saa iliyorushwa. Ikidai fedha zote mapema, nashauri tusite. Akiba ya mshahara wa mwalimu haiokotwi njiani. Hukusanywa haba na haba, na ilipwe vivyo hivyo.