Taa Kali Nyumbani: Tutazame Joto Kabla ya Mwanga

Katika nyumba nyingi za Kilwa Masoko, Kivinje na Somanga, baba akishavuta umeme, upesi hutafuta taa kali ya uani. Hatumlaumu. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikienda kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme tangu mwaka 2004, na wengi wa huku walikaa miaka wakisikia habari zake huku wakiwasha kibatari. Aliyetoka kwenye kibatari hana budi kuufurahia mwanga mkali. Ila mwezi huu tungependa kuizungumzia taa moja, yaani taa ya halojeni, ambayo kwa maoni yetu haina nafasi tena ndani ya nyumba zetu.

Halojeni ni ndugu wa globu ya zamani. Ndani yake mna uzi wa madini ya tungsteni unaowaka kwa umeme, ila umefungwa katika kioo kidogo kigumu chenye kiasi kidogo cha iodini au bromini. (Iodini ni ileile mnayoijua hospitalini, ya kusafishia vidonda.) Hiyo huyarudisha kwenye uzi madini yanayogeuka mvuke, hivyo kioo hakiwi cheusi upesi, na taa hudumu saa 2,000 hivi, pengine mara mbili ya globu ya kawaida. Lakini ili kazi hiyo ifanyike, kioo sharti kipate joto la zaidi ya nyuzi 250 za Sentigredi. Hata mafuta ya kukaangia maandazi hayafikishwi huko.

Zipo za namna kadhaa. Ipo ndefu kama kalamu, ya wati 150 hadi 500, ya kumulika uwanja. Zipo ndogo zenye kikombe cha kioo nyuma, za kupachikwa darini, nyingine za volti 12 zenye kuhitaji transfoma. Vipo pia vidonge vidogo vya taa za mezani. Twakiri mwanga wake ni mzuri. Rangi ya ngozi na ya damu huonekana sawasawa, ndiyo maana taa nyingi za vyumba vya upasuaji zilikuwa za halojeni kwa miaka mingi. Lakini chumba cha upasuaji hakina paa la makuti wala chandarua.

Hapo ndipo penye shida kwetu. Makuti makavu, pazia la kanga lililopeperushwa na upepo wa bahari, chandarua kilichofungwa juu karibu na taa: vyote hivi vyaweza kushika moto pasipo kuona ndimi za moto popote. Watu hukiogopa kibatari kwa sababu moto wake unaonekana. Hii huonekana safi, nayo inachoma. Mtoto anayeanza kutambaa akivuta waya wa taa ya mezani, mkono wake ndio utakaofika kwanza.

Wengine watasema tunazidisha, na kwamba taa hizi zinauzwa rahisi. Basi tupige hesabu ya LUKU. Taa ya wati 500 ikiwaka kutoka saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi hula uniti 6. Taa ya LED ya wati 100, ambayo mwanga wake unakaribiana nayo, hula uniti 1.2. Kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 180 dhidi ya 36. Sehemu kubwa ya umeme huo wa halojeni haiwi mwanga, huwa joto. Na nani anahitaji jiko darini mwezi wa Desemba hapa Kilwa? Nchi za Umoja wa Ulaya, zenye baridi yake, zilizuia nyingi za nyumbani kuingizwa sokoni tangu Septemba 2018.

Kwa jamaa wasio na umeme, taa ndogo ya jua yafaa kuliko kibatari, hasa anaposomea mtoto.

Aliye nayo tayari aifunge nje, mbali na makuti na nguo, ikiwa na kioo chake cha mbele kisichopasuka. Asibadilishe globu kabla ya kuzima swichi na kungoja ipoe kabisa, wala asiishike mpya kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi huacha doa, hapo joto huzidi, na kioo chaweza kupasuka. Atumie kitambaa safi.

Mtoto akiungua, mvueni pete au bangili mapema kabla mkono haujavimba, kisha mmiminieni maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno, yai wala mafuta ya nazi, na malengelenge msiyapasue. Mfunikeni kwa kitambaa safi mje naye, hasa kama kidonda kinazidi kiganja chake, au kipo usoni, mikononi au sehemu za siri. Nguo iliyogandia kwenye ngozi iacheni hivyo hivyo, tutaitoa sisi.