Tuombe Tukiwa Ndani ya Basi

Nianze kwa kukiri kosa langu. Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu alipoanza kusikia sauti. Alisema majirani wanamteta redioni. Alikataa ugali wa mama, eti umetiwa kitu. Sisi wa nyumbani, hapa Chala, jibu tulikuwa nalo tayari: ni mapepo, au kuna mtu. Tukafunga, tukasali novena, tukakesha. Mahindi tukavuna mara tatu kabla hatujampandisha basi la Sumbawanga. Miaka mitatu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza rozari.

Wageni hututania kwamba jina Sumbawanga lenyewe maana yake ni kutupa uchawi. Utani huo haunisumbui. Linaloniuma ni kwamba sisi tuliobatizwa tulitupa hirizi tu. Hofu tuliibakiza, tukaivika rozari.

Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo, na mara nyingi huanza ujanani. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba, kwa wastani, wagonjwa wana upungufu katika baadhi ya sehemu, hasa za mbele na za kandoni. Wataalamu bado wanabishana: kiasi gani kinatokana na ugonjwa, kiasi gani na dawa, na kama kuchelewa tiba ndiko kunakouongeza. Kwa hiyo sitamtisha mtu kwamba kila mwezi wa kuchelewa unakula ubongo. Lakini kwamba anayekaa muda mrefu bila tiba hupona kwa shida zaidi, hilo limeonekana tena na tena. Huko Norwe, katika mkoa wa Rogaland, mwaka 1997 walianza kuwafundisha watu dalili za mwanzo, kwa magazeti, kwa redio, mashuleni. Wagonjwa wao wakawa wanafika kwenye tiba baada ya wiki 5 hivi, wakati maeneo yasiyo na mpango huo ilikuwa wiki 16. Miaka kumi baadaye, kati ya wagonjwa 100 waliofuatiliwa, waliopona upande wa Rogaland walikuwa kama 31. Upande wa pili 15. Wiki 16 ziliwagharimu hivyo. Sisi tulikaa miaka mitatu.

Utasema, hiyo ni Norwe, na Mirembe iko Dodoma, mbali mno na Ufipa. Kweli. Lakini klopromazini na haloperido ni dawa za zamani, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hazikungoja twende Dodoma. Wala nauli haikutushinda. Pesa ya mganga tuliipata. Mbuzi wa mganga wa pili tulimpata pia.

Tena utasema, Yesu alitoa pepo. Alitoa, naamini. Ila soma Marko sura ya 5 hadi mwisho: yule mtu wa makaburini alirudishwa kwa watu wake akiwa na akili zake. Sisi wetu tulimfungia chumba cha nyuma. Na Kanisa linasemaje? Katekisimu, namba 1673, inataka kwanza ihakikishwe kwamba si ugonjwa. Sheria ya Kanisa, kanuni 1172, haimruhusu yeyote kuwapunga waliopagawa bila kibali cha askofu. Katika mikesha yetu yote, nani aliuliza? Naye anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani, anatumwa na nani?

Wazee wetu walimjua Adrian Atiman, aliyewahi kuuzwa utumwani, akasomea udaktari Malta, akaja Karema mwishoni mwa karne ya 19, akatibu watu huko kandokando ya ziwa hadi alipofariki mwaka 1956. Alikuwa katekista na daktari, mtu mmoja. Hakuna aliyemwambia achague kati ya misa na dawa.

Jumuiya zetu ndogondogo hukutana kila wiki. Zinajua nyumba ipi ina kijana asiyelala, anayecheka peke yake, aliyeacha shule ghafla. Zimpeleke wiki hiyohiyo, sala waisalie ndani ya basi.

Mdogo wangu sasa huchomwa sindano kila mwezi. Sauti zimepungua sana. Anapalilia vizuri kuliko mimi, na Jumapili huimba besi. Ila ukimtuma dukani mpe pesa kamili, maana hesabu ya chenji inamchanganya, yeye aliyekuwa wa kwanza darasani kwa hisabati.