Zaka Imetoka, Je, Ritani Nayo?

 

Ndugu Waislamu, kutoka Ubena hadi Bagamoyo tumeulizwa mno: aliyekwisha kutoa zaka, je, bado anadaiwa ritani ya mapato? Zaka ni ibada yenye nisabu na masharti yake. Haiiondoi kodi, wala kodi haiiondoi zaka.

Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mwenye mshahara wa mwajiri mmoja tu, anayekatwa kodi humo humo, hapeleki ritani ila Kamishna akimtaka kwa maandishi. Muuza mananasi wa Kiwangwa asiye na pato jingine, mauzo yake yakiwa chini ya shilingi milioni 100 kwa mwaka (kiwango cha tangu 2019), hutozwa kwa kadiri ya mauzo.

Mashaka yako kwa mwalimu mwenye duka. Pato lake si la ajira tu, wala si la biashara tu. Nafuu zote mbili humpita, na ritani kamili humlazimu ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani kabla Juni haijatoka. Wengine huliandikisha duka kwa jina la mke. Wanachuoni wamekhitalifiana kuhusu kodi, lakini hatujamwona aliyehalalisha kutia saini tamko la uongo. Tena mume akifa, warithi hubaki wakigombania duka lisilojulikana ni tirka au ni mali ya mjane.